Mama Mikopo Anajibu: Ploti za Wakiso na Hesabu Zake

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu Wakiso, nami sishangai. Sensa ya 2014 ilikuta wilaya hiyo na watu wapatao milioni 2. Ya 2024 ikakuta zaidi ya milioni 3.4, huku Kampala yenyewe ikiwa na milioni 1.8 hivi. Yaani wanaolala kandokando ya jiji wanakaribia kuwa mara mbili ya wanaolala ndani yake, na asubuhi wote wanagombea teksi zilezile.

Kwa msomaji mgeni: nilifanya kazi kwenye dawati la mikopo ya nyumba katika benki moja hapa mjini mpaka nikastaafu. Jina la Mama Mikopo nilipewa na wateja. Siuzi ploti, sina broka wa kukuelekeza, na tafadhali msiniombe namba za mtu.

*

Mama Mikopo, shikamoo. Mimi ni kijana wa Tororo, nafanya kazi ya ulinzi Doha. Nimeweka akiba hadi shilingi milioni 190. Kaka yangu anayekaa Kyaliwajjala ananiambia kuna njia mbili. Ya kwanza ni fleti ya vyumba viwili vya kulala huko Najjera, milioni 360: nitoe 190 zangu, benki inikopeshe 170. Inapangishwa kwa milioni 1.3 kwa mwezi. Ya pili ni ploti ya hamsini kwa mia huko Bulindo kwa milioni 65, nijenge dabo nne (nyumba ndogo za vyumba viwili) kwa milioni 125 zinazobaki, kila moja ipangishwe kwa 450,000. Anasema niharakishe kwa sababu mafuta yanaanza, reli ya SGR inakuja, AFCON 2027 inachezwa uwanja wa Namboole, na bei zitapanda mara mbili. Nifanye lipi?
Mlinzi, Doha

Marahaba, mwanangu. Pole na jua la huko.

Tuanze na hadithi za kaka yako, maana ndizo zinazokuharakisha. Mafuta yaligunduliwa 2006. Nilikuwa bado kazini, na ndani ya muda mfupi wateja walianza kuniandikia neno "mafuta" kwenye sehemu ya fomu inayouliza mkopo utalipwa na nini. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulifanyika Februari 2022, mafuta ya kwanza yakaahidiwa 2025, na 2025 ikaisha bila hata pipa moja kusafirishwa. Yatatoka, sina shaka. Lakini visima viko Buliisa, Nwoya na Kikuube, na bomba la kilomita 1,443 linaelekea Tanga. Mfanyakazi wa kisima hapangi dabo Bulindo. Pesa ya mafuta ikifika Kira, manispaa yenye Najjera na Bulindo, itakuwa imezunguka kwanza Hazina, kwa makandarasi na kwenye mishahara, na kila kituo kitachukua sehemu yake.

SGR nayo, mkataba wa kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala ulitiwa saini Oktoba 2024 na kampuni ya Kituruki, Yapi Merkezi. Reli hupandisha bei karibu na stesheni, ndiyo. Kabla ya hapo huja kuchukua ardhi ya njia yake, na mwenye ploti njiani husubiri fidia. Kwa AFCON sina la kukuambia. Shabiki anayekuja kutazama mpira wiki tatu hasaini mkataba wa mwaka mmoja na mwenye nyumba.

Kilichopandisha bei upande ule ni vitu ambavyo broka havitaji tena kwa sababu tayari vimeshalipiwa ndani ya bei. Northern Bypass ilifunguliwa 2009, kilomita 21 kutoka Bweyogerere hadi Busega, na Najjera iliyokuwa mashamba ya ndizi na mihogo ikawa jirani ya jiji. Maji nayo: waliojenga Kira na Namugongo zamani wanakumbuka madumu, mpaka mtambo wa Katosi ulipoanza, ule uliojengwa wa kutoa lita milioni 160 kwa siku. Na kuna watu waliosukumwa. Mimi nilikulia Nakawa, kwenye zile nyumba za serikali ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya mferejini. Julai 2011 matingatinga yaliziangusha pamoja na za Naguru, mji mpya ulioahidiwa pale haukusimama, na majirani zetu wengi wakatafuta vyumba Kireka na Kyaliwajjala. Mtu aliyevunjiwa nyumba halinganishi ploti, anachukua anachopata. Bei ya chumba ikapanda, na wenye viwanja wakajua.

Sasa fleti ya Najjera. Milioni 1.3 mara miezi 12 ni milioni 15.6. Gawanya kwa milioni 360: haifiki asilimia 4.5, na hapo hujatoa kodi ya URA, mamlaka ya mapato, hujapaka rangi, mpangaji hajahama. Upande wa pili, Benki Kuu ilishusha riba yake hadi asilimia 9.75 mnamo Oktoba 2024, magazeti yakashangilia, lakini mkopo wa nyumba wa shilingi bado ni asilimia 16, 17, hata 18. Sababu yake si siri: serikali yenyewe inakopa kwa hati fungani za muda mrefu kwa zaidi ya asilimia 15. Benki inayoweza kumkopesha mtu asiyeshindwa kulipa kwa bei hiyo itakukopesha wewe kwa nafuu kwa lipi? Chukua asilimia 17 ya milioni 170: riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni milioni 28.9. Fleti inaleta 15.6. Milioni 13 zilizobaki zitatoka kwenye mshahara wako wa kusimama getini, kila mwaka, na hiyo ni kama mpangaji hahami.

Na atahama. Jiulize nani hulipa milioni 1.3 Najjera. Ni mfanyakazi wa shirika lisilo la kiserikali, ni ofisa wa mamlaka fulani ya serikali, ni mhandisi. Mwaka 2025 USAID ilifungwa na miradi iliyoitegemea ikafungwa nayo. Kabla ya hapo mamlaka ya barabara, UNRA, ilikuwa imerudishwa wizarani katika lile zoezi la kuunganisha taasisi, na si kila mtu aliyekuwa na dawati kule alipata dawati huku. Ukipita Najjera na Buwaate siku hizi utaona ghorofa mpya zenye kibao cha kupangisha mpaka kibao chenyewe kimepauka. Wenye nyumba hawashushi kodi, wanaona aibu. Wanatoa "mwezi mmoja bure", wanaweka intaneti, wanaahidi maegesho ya magari mawili. Mimi naliita hilo kushuka kwa bei. Fleti hiyo achana nayo.

Dabo nne ni habari nyingine, kwa kuwa wapangaji wake wapo kweli. Fundi umeme, muuguzi, mwalimu wa shule ya binafsi, kijana wa duka la simu na mke wake na mtoto mmoja: hao ndio ongezeko la ile sensa. Hebu tuhesabu. Nne mara 450,000 mara 12 ni milioni 21.6. Toa mwezi mmoja wa vyumba kukaa tupu, inabaki 19.8. URA hutoza mtu binafsi asilimia 12 ya kodi ya pango inayozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kujali umetumia nini kwenye ukarabati. Hiyo ni milioni 2 na kidogo. Mlinzi, taka, koki zinazovuja, shimo la choo kunyonywa: weka 200,000 kwa mwezi, milioni 2.4 kwa mwaka. Unabaki na milioni 15.4 hivi kwa pesa yako ya milioni 190. Ni asilimia 8.

Pesa hiyohiyo ukiiweka kwenye hati fungani za serikali za miaka 10, kwa asilimia 15 tu tuseme, inatoa milioni 28.5. Kodi ya URA kwa zile za miaka 10 na zaidi ni asilimia 10, unabaki na milioni 25.6, zinaingia benki kila miezi sita wakati wewe umelala. Tofauti ni milioni 10 kwa mwaka. Watu hunijibu: lakini ardhi inapanda, Mama. Ardhi ndiyo, mabati hayapandi. Katika milioni 190 zako, ardhi ni 65. Kuziba pengo la milioni 10, ploti hiyo ya milioni 65 lazima ipande karibu asilimia 16 kila mwaka bila kupumzika. Ziko ploti zilizofanya hivyo, nyingi zake kabla barabara haijafika. Bulindo barabara imeshafika.

Hati fungani nazo zina ubaya wake. Milioni 190 zitarudi milioni 190, na baada ya miaka 10 hazitanunua kile zinachonunua leo. Kodi ya dabo unaweza kuipandisha. Ndiyo maana sikuambii uache ardhi. Wewe si mfanyabiashara wa nyumba, wewe ni mtu atakayerudi siku moja na atahitaji mahali pa kuweka kitanda. Nunua ploti. Ushuru wa stempu ni asilimia 1.5 ya thamani, kwa milioni 65 ni 975,000, lakini jua kwamba mthamini wa serikali anaweza kukataa bei yako na kuweka ya kwake iliyo juu. Lipa wakili na saveya. Utabaki na kama milioni 120. Ziweke kwenye hati fungani kupitia benki yako, na riba yake, milioni 16 hivi kwa mwaka, ndiyo ijenge. Kwa bei uliyoniandikia, dabo moja inakula milioni 31. Kila miaka miwili unapata dabo moja na mtaji haujaguswa. Kaka yako hatapenda, kwa sababu kazi ya kusimamia ujenzi wa dabo nne kwa mpigo ina sukari yake.

Kuhusu ploti yenyewe. "Hamsini kwa mia" ni futi, yaani futi za mraba 5,000, na hiyo ni desimali (sehemu za mia za ekari) 11 na nusu hivi. Broka ataandika 12, mwingine 12.5, kisha njia ya kuingilia itakatwa humohumo na utabaki na 10. Usilipie neno. Mwambie wakili afanye upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ya kanda ya Wakiso: kwenye hati itasomeka kaunti ya Kyadondo, namba ya bloku, namba ya ploti, jina la mwenyewe, na kama kuna kavieti (zuio la anayedai haki juu ya ardhi) au benki imeshikilia. Halafu saveya afungue mipaka, mawe yaonekane kwa macho, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, na majirani wa pande zote wakiwapo. Jirani mzee wa upande wa chini anajua mambo ambayo hati haijui. Jina kwenye hati liwe lako. Kaka yako mpe hati ya uwakilishi yenye mipaka: kusimamia fundi, si kuuza wala kuweka rehani. Ramani ipitishwe na manispaa ya Kira kabla ya jembe kugusa udongo, maana wakija kuweka alama nyekundu ukutani, wewe uko Doha na kaka yako simu yake "haishiki mtandao".

*

Mama, hujambo. Mimi ni Mtanzania wa Bukoba, nauza samaki wakavu Kireka, nina kibali cha kufanya kazi na mke Mganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ni moja. Naweza kununua ardhi ya mailo (ile ya Buganda inayomilikiwa milele) kwa jina langu? Wengine wananishauri nisajili kampuni.
Muuza samaki, Kireka

Sijambo, kaka. Jumuiya ni moja kwenye samaki, kwenye ardhi bado. Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza 2010 iliacha mambo ya ardhi kwa sheria za kila nchi, na kwenu Tanzania ni vivyo hivyo, Mganda hapewi ila kwa uwekezaji. Hapa Uganda asiye raia hawezi kumiliki mailo wala ardhi huru ya kudumu. Anaruhusiwa kukodishwa kwa muda, mwisho miaka 99. Kampuni haikusaidii: ikiwa wenye hisa nyingi si raia, sheria inaihesabu kuwa si raia.

Miaka 99 si haba. Mwenye mailo anaweza kukukatia ukodishaji juu ya ardhi yake, unasajiliwa, unapata hati yako, na benki inaipokea kama dhamana mradi miaka iliyobaki ni mingi. Soma masharti: kodi ya ardhi ya kila mwaka, muda wa kumaliza kujenga, na kama unahitaji ruhusa yake ukitaka kuuza.

Kuandika jina la mkeo ni njia wanayoitumia wengi. Kama ni nyumba ya familia na mnaaminiana, sawa, ni mali yake kisheria na wewe ujue hivyo tangu siku ya kwanza. Ila usimwandikishe halafu ukamfungia mkataba wa siri pembeni kwamba mali ni yako. Mahakama haitakusikiliza vizuri, na yeye akiuona, nyumbani hapatakalika.

*

Shikamoo Mama Mikopo. Mimi ni mjane, nina watoto wanne, naishi Kasangati. Mwaka 2016 marehemu mume wangu na mimi tulinunua kibanja, yaani haki ya kukaa juu ya ardhi ya mailo ya mtu mwingine, kwa mzee ambaye familia yao ilikaa pale tangu miaka ya sabini. Karatasi ina muhuri wa LC1 na mashahidi. Mwenye mailo hakusaini. Mwaka 2018 alipokea busuulu yetu, ile ada ya mwaka ya mwenye kibanja, na kutupa risiti moja. Sasa ameuza, na mwenye ardhi mpya ametuma kijana anasema nichukue milioni 8 nitoke, au ataleta tingatinga. Naogopa.
Mama wa watoto wanne

Marahaba, dada, na pole kwa kufiwa.

La kwanza: usisaini chochote na usipokee hata nauli. La pili: hawezi kukutoa kwa tingatinga. Tangu marekebisho ya sheria ya ardhi ya 2010, mwenye kibanja anayetambuliwa kisheria hutolewa kwa amri ya mahakama tu, na sababu ni moja, kutolipa busuulu. Mwenye mailo akiuza, anayenunua anachukua ardhi pamoja na watu walio juu yake. Kijana aliyetumwa anajua hayo. Ndiyo maana ametumwa na milioni 8 badala ya karatasi ya mahakama.

Sasa udhaifu wako, nikuambie ukweli. Yule mzee alikuwa na haki: familia iliyokaa pale bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 inalindwa. Lakini alipotaka kuuza, sheria ilimtaka ampe mwenye mailo nafasi ya kwanza. Hakufanya hivyo, na wakili wa upande wa pili atang'ang'ania hapo kwamba ununuzi wenu ni batili. Hata hivyo unayo ile risiti ya 2018. Mwenye mailo aliyewakataa hapokei busuulu yenu. Ukurasa ule mmoja ni wa thamani kuliko karatasi yote yenye muhuri wa LC1. Utoe nakala kadhaa, asili uiweke kwa mtu usiyeishi naye. Mtafute yule mzee au wanawe, waombe risiti zao za zamani, hata zilizoliwa na mende. Kisha nenda ofisi ya ardhi ya wilaya ukaeleze kwamba unataka kulipa busuulu na mwenye ardhi mpya hapokei, upate maandishi.

Baada ya hapo ndipo mzungumze, ukiwa na wakili. Yeye alinunua kwa bei ya chini kwa sababu watu wako juu ya ardhi, na anataka kuiuza kwa bei ya ardhi tupu. Faida yake yote iko katika wewe kutoka kwa bei rahisi. Kuna njia ambayo nimeona ikimaliza kesi nyingi za Kyadondo na Busiro: kugawana. Wewe unamwachia sehemu, yeye anakukatia hati ya mailo kwa sehemu unayobaki nayo, mara nyingi pale nyumba ilipo. Ukiwa na desimali 20 za kibanja na ukabaki na 11 zenye hati, watoto wako wamepata kitu ambacho benki inakitambua. Milioni 8 haikununulii hata chumba cha kuku Kasangati.

*

Mama, mimi ni bodaboda, stendi ya Nansana. Nimepata ploti milioni 12, karibu na kinamasi cha Lubigi, ina hati kabisa. Ya juu kilimani wanauza 60. Broka alinipeleka Februari, pakavu kabisa. Nichukue?
Boda, Nansana

Mwambie akupeleke tena Aprili.

Mwanangu, Katiba inasema ardhioevu zinashikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi wote, kwa hiyo hati iliyotolewa juu ya kinamasi baada ya 1995 ni karatasi ya kufutwa. Juni 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira, ilivunja nyumba nyingi Lubigi, na wenye hati walilia sawa na wasio nazo. Ukifika pale angalia chini, usimwangalie broka. Ukiona mayugwa, shina la mafunjo lililokatwa juzi, mikaratusi iliyopandwa kwa safu ili inyonye maji, na kifusi cha marami kilichomwagwa kwa lori wakati majirani hawana, umeshajibiwa. Kwa milioni 12 nunua pikipiki ya pili, umpe mtu aendeshe.

*

Dada mpendwa, nina miaka 46, ni mhasibu wa shule ya binafsi, nimechangia NSSF miaka 14. Nina milioni 48 huko. Nasikia naweza kutoa asilimia 20. Nina nyumba ndogo Wakiso mjini imesimama kwenye linta, na ninapanga Bulenga kwa 500,000. Nitoe niezeke, au niache pesa ikue?
Mhasibu, Bulenga

Toa. Kwa kawaida nasema usiguse, kwa kuwa mfuko ulitangaza riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka 2024/25 na hakuna ploti ya broka inayokupa hiyo kwa uhakika. Lakini sheria ya 2022 iliwekwa kwa ajili ya mtu kama wewe: umefika miaka 45, umechangia miaka 10. Asilimia 20 ya milioni 48 ni milioni 9.6, na zikiachwa zingekuzalia kama milioni 1.3 kwa mwaka. Kodi unayolipa Bulenga ni milioni 6. Weka paa, milango ya nje na madirisha, uhamie. Sakafu ya vigae na dari vitakukuta ndani, umekaa kwenye saruji, huna mwenye nyumba. Usianze na geti. Sijui ni nani aliyewafundisha watu wa Wakiso kuanza na geti.

*

Mwenye nyumba amepandisha kodi kutoka 400,000 hadi 600,000 kwa mkupuo na anasema nisipolipa Jumatatu ataondoa mlango. Ana haki?
Mpangaji, Bweyogerere

Hana. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inaruhusu nyongeza isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka, kwako ni 40,000. Kuondoa mlango, kukata maji au kutupa vitu nje bila amri ya mahakama ni kosa. Nenda kwa LC1 kwanza, kwa maandishi, na uendelee kulipa 400,000 yako kwa simu ili rekodi ibaki. Kisha ukae ukijua kwamba mwenye nyumba wa aina hiyo atakutafutia sababu nyingine, anza kutazama vyumba vingine taratibu. Upatapo, dai amana yako. Anayeanza upangaji mpya sasa: amana ni kodi ya mwezi mmoja, na kodi ya 500,000 kwenda juu lazima iwe na mkataba ulioandikwa.

*

Je, bei za Wakiso zitashuka?
Msomaji, Entebbe

Za ardhi yenye hati, karibu na lami, sidhani. Watu wanaongezeka, na mwenye ardhi hapa hauzi kwa hasara, anasubiri mpaka wajukuu. Zitakaa palepale kwa miaka, na kukaa palepale huku vitu vingine vikipanda ni kushuka polepole. Za fleti zimeshaanza, soma jibu la kijana wa Doha.

*

Kwa aliyenitumia picha za hati ya ploti ya Kakiri bila kuandika jina: umenitumia jalada na ramani. Ukurasa unaoonyesha rehani na kavieti haupo. Muulize anayekuuzia kwa nini hakuupiga picha, na usilipe arubuni mpaka wakili wako auone ofisini, si kwenye simu.